Halojeni

Halojeni ni familia ya elementi sita zinazokaa katika safu ya 17 ya mfumo radidia: florini, klorini, bromini, iodini, astatini na tenesini. Jina limetoka katika Kigiriki, nalo maana yake ni "wazaa chumvi", kwa kuwa elementi hizi zikikutana na metali huzaa chumvi. Ile ya jikoni, inayokaushwa juani katika mashamba ya chumvi ya Bagamoyo na Gongoni, ni klorini iliyoungana na sodiamu. Metali inayolipuka majini na gesi inayounguza mapafu zikishikana, hutoka kitu cha kukolezea mchuzi.

Kufanana kwa ndugu hawa kulionekana kabla sababu yake haijajulikana. Mwaka 1829 mwanakemia Mjerumani Johann Döbereiner alionyesha kwamba bromini iko katikati ya klorini na iodini, kwa ukali na hata kwa uzani. Kwa vipimo vya leo, uzani atomia wa klorini ni 35.45 na wa iodini ni 126.90, wastani wao ni kama 81.2, na bromini ina 79.90. Miaka 40 baadaye Dmitri Mendeleev alipopanga elementi kwa kufuata uzani alikwama mahali pamoja. Teluri, yenye 127.60, ni nzito kuliko iodini, kwa hiyo ilitakiwa ije baada yake. Lau angefuata uzani peke yake, iodini ingeangukia katika ukoo wa oksijeni na salfa, ambako haifanani na yeyote. Mendeleev alifuata tabia, akaiweka iodini chini ya bromini, akidhani kwamba uzani wa teluri ulikuwa umepimwa vibaya. Uzani haukuwa na kosa, lakini nafasi aliyoipa iodini ilikuwa ya haki. Mwaka 1913 Henry Moseley alionyesha kwa miale ya eksirei kwamba kinachopanga elementi ni chaji ya kiini, yaani idadi ya protoni: teluri 52, iodini 53. Mendeleev husifiwa zaidi kwa kubashiri elementi ambazo hazikuwa zimegunduliwa, ila uamuzi huu wa iodini ndio unaoonyesha vizuri zaidi familia ya kemia ni nini.

Kinachowaunganisha ni elektroni saba katika ganda la nje la atomi. Ganda hilo hutulia likiwa na nane, kama lilivyo kwa argoni na nyingi za gesi adimu za safu ya 18. Halojeni zimepungukiwa na moja tu, nazo huisaka popote ilipo. Ndiyo maana kwa kawaida hazipatikani zikiwa huru katika maumbile. Zimo baharini na miambani, tayari zimeshajishibisha. Zikitengwa, atomi mbili mbili hushirikiana elektroni na kuwa molekuli moja. Ndiyo maana pia zote ni sumu zikiwa huru, kwani elektroni zinazozisaka zimo katika macho, koo na mapafu ya anayezivuta.

Ukishuka safuni, tabia hubadilika kwa utaratibu. Florini ni gesi ya manjano iliyofifia. Klorini ni gesi ya kijani-manjano inayochemka kwenye nyuzi -34 za Selsiasi. Bromini ni kimiminiko chekundu kizito kinachochemka kwenye nyuzi 59. Iodini ni mango yenye weusi unaong'aa, na ikipashwa moto hutoa mvuke wa zambarau. Atomi inapokua, elektroni huwa nyingi na molekuli huvutana zaidi, hivyo kuzitenganisha huhitaji joto kubwa zaidi. Ukali nao huenda kinyume: ganda la nje likiwa mbali na kiini, mvuto wa kiini juu ya elektroni ya jirani hupungua. Mwanafunzi anaweza kulishuhudia hilo kwa neli moja ya maabara. Akitia maji ya klorini katika myeyusho usio na rangi wa iodidi ya potasiamu, kimiminiko hugeuka kahawia, kwa kuwa klorini imeinyang'anya iodini elektroni zake. Akiongeza tone la uji mwepesi wa wanga wa muhogo, rangi huwa ya buluu inayokaribia nyeusi. Iodini haiwezi kulipiza kwa klorini.

Florini ndiyo kifungua mimba, na kama vifungua mimba wengi ina mambo yake. Atomi yake ni ndogo mno hata elektroni za atomi mbili zilizoshikana husukumana, na kifungo kati yao kikawa dhaifu kuliko cha klorini. Udhaifu huo, pamoja na nguvu ya vifungo inavyofunga na elementi nyingine, ndio unaoifanya ishambulie karibu kila kitu. Wakati asidi ya haidrokloriki ni kali sana, asidi ya florini ni dhaifu katika maji, na bado hula kioo. Kloridi, bromidi na iodidi za fedha haziyeyuki majini, ila floridi ya fedha huyeyuka. Wanakemia kadhaa waliumia, na wengine walikufa, wakijaribu kuitenga, mpaka Henri Moissan alipofaulu mjini Paris Juni 1886 kwa kupitisha umeme katika mchanganyiko uliopozwa sana. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906.

Kabla ya hapo Carl Wilhelm Scheele alikuwa ametengeneza klorini mwaka 1774, Bernard Courtois akapata iodini mwaka 1811 katika majivu ya mwani, na Antoine Jérôme Balard akatangaza bromini mwaka 1826. Astatini, iliyotengenezwa Berkeley mwaka 1940, ni ya kinururishi. Nusu ya isotopu yake inayodumu kuliko nyingine huisha kwa saa 8 hivi. Tenesini imetengenezwa kwa atomi chache tu, nayo haitoshi kupimwa tabia zake.

Klorini ilipulizwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Hiyohiyo, ikitiwa kidogo katika maji ya bomba, huua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo. Jik ya kufulia nguo nyeupe ni kampaundi yake, nayo isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, maana gesi yenyewe hufumuka. Iodini, ambayo Tanzania huitwa madini joto, huhitajiwa na tezi ya shingoni. Ikikosekana shingo huvimba goita, au rovu, na mtoto aliye tumboni huweza kuzaliwa akiwa na akili iliyodumaa. Hatari hiyo ni kubwa nyanda za juu, ambako mvua za karne nyingi zimeisafisha iodini udongoni, ndiyo sababu huongezwa katika chumvi.

Florini ina hadithi kinyume chake katika Bonde la Ufa. Miamba ya volkano huitoa kwa wingi, ikiwa katika umbo la floridi, katika chemchemi, visima na mito. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na baadhi ya maji yanayoshuka Mlima Meru huzidi hapo mara kadhaa. Magadi yanayolainishia maharage yanaweza kuongeza nyingine. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanaumbika huota meno yenye madoa ya kahawia, na mtu mzima akizidishiwa kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa. Chembe ya floridi inakaribia kwa ukubwa ile ya haidroksidi iliyomo katika madini ya mfupa, hivyo huiondoa na kukaa mahali pake. Huko Ngurdoto, Arusha, mwenendo huohuo umegeuzwa kuwa dawa: maji hupitishwa katika mkaa wa mifupa ya ng'ombe, floridi ikanaswa humo kabla haijafika kwenye mifupa ya mtu, mpaka mkaa ushibe na kubadilishwa.