Kompyuta na Mkono wa Fundi

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965; mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza. Marufuku hiyo ilipolegea, iliyokuja ilikuwa mashine ya namna nyingine. IBM iliitoa mwezi wa Agosti 1981, imeundwa kwa vipande vilivyonunuliwa kwa makampuni mengine, na michoro ya sakiti zake ikachapishwa. Ubao wake mkuu ulikuwa na nafasi 5 za kuchomekea kadi. Mwenye bisibisi aliweza kufunua kifuniko, kung'oa kipande kilichokufa na kutia kingine. Sidhani kama wasanifu wake walimfikiria fundi wa Bukoba hata kidogo. Walakini yeye ndiye aliyefaidika, maana kutoka kwake, au kutoka Muleba, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000.

Wahunzi wa Kihaya wangeielewa hoja hii. Mwaka 1976 wazee wao, mbele ya wataalamu wa mambo ya kale, walijenga upya tanuri la kuyeyushia chuma, kazi waliyokwisha kuiacha miaka mingi. Waliweza kwa kuwa walikijua kila kiungo: udongo, mirija ya hewa, mivukuto.

Siku hizi kompyuta nyingi nyembamba zimelehemiwa kumbukumbu juu ya ubao, na betri imegandishwa kwa gundi. Chipu moja ikifa, aghalabu ubao mzima hutupwa. Kumbukumbu iliyochomolewa zamani kwa vidole sasa yataka hewa ya moto, darubini na mkono usiotetemeka.