Boti ya Babu na Mnorwe wa Milwaukee

Wadau, najua nimepotea kidogo. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa likizo. Nilikuwa Kigamboni, mikono imejaa grisi, nikimsaidia baba mdogo kufufua boti ya marehemu babu. Kazi ilianza kama ya gereji, ikaishia kwenye historia. Naomba niwasimulie.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 babu alinunua boti ndogo ya faiba, futi 14, kutoka kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuja na injini ya Evinrude ya nguvu farasi 15, ile ya kufunga nyuma, pamoja na tela la kuibebea. Kwa boti ile babu alivua, akabeba watu na mizigo, akasomesha watoto sita, baba yangu akiwemo. Alipozeeka ikapandishwa kwenye tela, ikawekwa chini ya mwembe. Ikakaa hapo mpaka kuku wakawa wanatagia ndani.

Mwaka huu akaja mnunuzi wa chuma chakavu. Akaizunguka mara moja, akataja bei ya kilo. Baba mdogo ana mtoto anayetakiwa kulipiwa ada ya chuo, akanipigia simu: "Mwanangu, mimi nataka kuuza. Wewe unasemaje?"

Nikamwomba wiki mbili. Sikuwa na sababu ya maana. Nilijua tu kwamba ada yangu mimi, kwa kuhesabu nyuma, ilitoka kwenye ile injini.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua umri wake. Kibati cha namba kilikuwa kimeliwa na chumvi, lakini kwenye injini za aina hii namba ya modeli hugongwa pia kwenye kizibo kidogo cha duara kilichopo kwenye mwili wa injini. Tukasugua kwa msasa, zikatokea herufi. Hapo ndipo uandishi wa habari uliponisaidia. Kuanzia mwaka 1980 watengenezaji walificha mwaka ndani ya neno moja la Kiingereza, INTRODUCES. Lina herufi kumi: ya kwanza, I, ni 1, ya pili, N, ni 2, unaendelea hivyo hadi ya mwisho, S, ambayo ni sifuri. Yetu ilikuwa na C na R. C ni 8, R ni 4. Kwa hiyo modeli ya 1984! Baba mdogo akacheka: "Kumbe imekuzidi umri wewe."

Sasa jina lenyewe. Evinrude ni jina la mtu. Ole Evinrude alizaliwa Norway mwaka 1877, akapelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo, akakulia mashambani katika jimbo la Wisconsin. Shule hakufika nayo mbali. Alijifunza ufundi viwandani, kisha akafungua karakana yake mjini Milwaukee. Kuna kisa kinachosimuliwa sana: siku moja ya joto mwaka 1906 alikuwa pikiniki ziwani na mchumba wake Bess, binti akatamani aiskrimu, Ole akapiga makasia kwenda kuifuata, na aliporudi ilikuwa imeyeyuka. Ndipo akaapa kutengeneza injini ya kufunga kwenye boti. Kisa kitamu, mimi nakichukua kama visa vyote vya waanzilishi. Chukua na chumvi kidogo.

Maana ukweli ni kwamba hakuwa wa kwanza. Mwaka 1881 Mfaransa Gustave Trouvé alikwisha kuendesha boti kwenye mto Seine kwa mota ya umeme inayofungwa na kufunguliwa. Mmarekani Cameron Waterman, aliyesomea sheria Yale, naye aliuza injini za petroli za aina hii kabla ya Evinrude. Ila injini ya Ole ya mwaka 1909, yenye silinda moja, nguvu farasi moja na nusu na uzito wa kilo 28 hivi, ndiyo iliyokubalika na watu wa kawaida. Bess, ambaye sasa alikuwa mkewe, alisema inafanana na mashine ya kusagia kahawa. Lakini ni yeye aliyeandika barua, akashika hesabu, na akatunga tangazo lililowaambia watu watupe makasia. Tukisema Evinrude, tuseme wawili.

Bess alipougua wakauza kampuni kwa mwenzao, kwa sharti kwamba Ole asitengeneze injini za boti kwa miaka mitano. Sharti lilipoisha akarudi na injini mpya ya aluminiamu, nyepesi kuliko ya kwanza na yenye silinda mbili, ikaitwa Elto. Mwaka 1929 kampuni zikaungana, familia ikarudi kwenye usukani. Bess alifariki 1933, Ole akamfuata 1934. Muda mfupi baadaye kampuni ya Johnson, waliokuwa washindani wao, ikaingizwa humo humo, ikazaliwa OMC. Ndiyo sababu fundi anayeijua Johnson ya miaka ya 1980 anaijua na Evinrude. Ni watoto wa tumbo moja, rangi tu tofauti.

Haya, turudi chini ya mwembe. Baba mdogo ana kanuni moja: usinunue kitu mpaka injini ijibu maswali matatu. Je, inazunguka? Ilikuwa imekwama. Tukamimina oili kwenye matundu ya plagi, tukaiacha siku tano, kisha tukazungusha gurudumu la juu taratibu kwa mkono. Ikalegea. Je, silinda mbili zina mgandamizo unaokaribiana? Zilikuwa nao. Je, oili ya gia ikoje? Hapo tukaumia: ilitoka nyeupe kama maziwa, maana yake maji yaliingia. Hata hivyo meno ya gia yalikuwa mazima. Sili zikabadilishwa.

Kilichobaki ni usafi na uvumilivu. Kabureta ilikuwa na utando wa petroli iliyooza. Impela, yaani kile kipande cha mpira kinachovuta maji ya kupoza injini, ilikuwa ngumu kama gome la mti. Mpya tuliipata, ila imetengenezwa na kampuni nyingine, kwa sababu OMC ilifilisika Desemba 2000. Bombardier wa Kanada wakanunua jina mwaka 2001, na mwezi Mei 2020 warithi wao, BRP, wakatangaza mwisho wa injini za Evinrude. Zaidi ya miaka mia moja ikafungwa kwa tangazo moja. Vipuri bado vinapatikana kwa sababu muundo huu ulianza katikati ya miaka ya 1970 ukatengenezwa miaka mingi, na injini zake zimezagaa duniani.

Boti nayo ilikuwa na siri. Faiba haiozi, ila ubao uliofunikwa ndani yake unaoza. Baba mdogo aligonga shetri kwa nyundo, pale injini inapofungwa, ikalia dufu dufu badala ya ko ko. Tukakata ngozi ya ndani, tukachokonoa ubao uliokuwa kama ugali wa jana, tukaweka mpya na kuufunika upya. Tela lilihitaji kuchomelewa na kubadilishiwa beringi. Nikajifunza kwamba tela hufa mapema kwa haraka za watu: beringi zikiwa za moto ukazitumbukiza baharini, zinapoa ghafla na kufyonza maji ya chumvi. Subiri zipoe kwanza.

Lakini mkombozi wetu hakuwa spana. Chini kabisa ya sanduku la vifaa, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na daftari la babu. Mwandiko wake ule wa kulala. Kila impela aliyobadilisha ameandika tarehe. Mchanganyiko wa petroli na oili, hamsini kwa moja. Plagi za aina gani. "Ukitoka baharini, maji baridi dakika kumi." Ukurasa baada ya ukurasa, hadi mwaka 2011. Babu aliishia darasa la nne.

Nikakaa chini. Mimi ni mwandishi mwenye shahada, nimemtafuta Mnorwe wa Milwaukee mpaka nikajua mkewe alisema nini kuhusu mashine ya kahawa. Babu yangu sikuwahi kumuuliza swali hata moja kuhusu boti iliyonisomesha.

Sitaki kuwapamba. Injini hizi za zamani hula mafuta, zinatoa moshi, na sehemu kubwa ya petroli hutoka bila kuungua na kuishia majini. Kama una uwezo wa kununua mpya, nunua mpya. Na ada ya chuo bado haijatimia.

Ila Jumamosi iliyopita tuliifunga kwenye pipa la maji. Baba mdogo alivuta kamba mara saba. Ya nane ikakohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikanguruma. Baba mdogo hakutazama injini, alitazama pembeni, kwenye tundu la maji ya kupoza. "Inakojoa?" akauliza. Ilikuwa inakojoa, kijito chembamba kilichonyooka. Akalichukua daftari, akafungua ukurasa uliofuata ule wa mwisho wa babu, akanipa kalamu.

"Andika tarehe."

Nikaandika. Mnunuzi wa chuma chakavu alipopita tena Jumatatu, aliambiwa aende nyumba ya jirani.

Wewe je, nyumbani kwenu kuna daftari gani chini ya sanduku gani? Kalitafute kabla hajapita yule wa mizani.