Jina la Ugonjwa baina ya Mgonjwa na Mganga

Historia ya uganga katika Tanzania huelezwa mara nyingi kwa kutaja hospitali zilizojengwa na dawa zilizoletwa. Lakini kabla ya dawa kutolewa hutangulia maneno: mgonjwa hueleza maradhi yake, naye mganga husikiliza. Maneno hayo yana historia yake, nayo yaonyesha kwamba jina la ugonjwa halitaji maumivu tu; hutaja pia asili yake, na tena hudokeza ni nani astahiliye kuutibu.

Neno mganga lenyewe ni ushahidi. Latokana na kitenzi kuganga, ambacho maana yake ni kutibu, na pia kuunga kilichovunjika. Mithali isemayo ‘Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo’ yahifadhi matumizi hayo pamoja na neno la kale la ugonjwa. Walipokuja matabibu wa Kizungu lilipatikana jina la daktari, lakini jina la mganga halikuachiwa wenye mizizi na hirizi peke yao. Lilipanda mpaka katika vyeo, hata mkubwa wa madaktari wa nchi akaitwa Mganga Mkuu wa Serikali, na yule wa tangu zamani akaongezewa sifa, akawa mganga wa kienyeji. Hivyo watu wawili wa elimu mbalimbali walishiriki jina moja, na kazi ya kuchagua baina yao ikawa ya mgonjwa na jamaa zake.

Elimu mpya ilikuwa na njia yake ya kutambua maradhi. Mwaka 1880 Alphonse Laveran aliviona vijidudu vya malaria katika damu ya mgonjwa huko Algeria, na mwaka 1897 Robert Koch alifika Dar es Salaam, akachunguza kwa hadubini damu za wagonjwa wa homa. Manufaa ya chombo hicho hayana shaka. Hata hivyo hadubini haimfuati mgonjwa nyumbani. Humngoja afike, na kufika kwake hutegemea jina ambalo wazazi au majirani wamekwisha kuupa ugonjwa wake.

Jambo hili lilipata uzito zaidi elimu ya afya ilipoenezwa kwa umma. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana kwa Kiswahili juu ya maradhi kama vile safura, kichocho na malaria. Safura na kichocho ni majina yaliyokuwa tayari vinywani mwa watu. Malaria lilikuwa neno la hospitali, nalo halikulingana sawasawa na jina lolote la wenyeji: lilichukua sehemu ya maana ya homa, na likaiacha nje degedege.

Degedege ni mtukutiko wa mwili umpatao mtoto mdogo, na madaktari mara nyingi huona ndani yake dalili ya malaria kali. Watu wengi wa pwani waliihesabu kuwa ugonjwa mwingine kabisa, uletwao na shetani mwenye umbo la ndege. Uchunguzi wa wilaya ya Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba homa ya malaria ilidhaniwa kuwa ugonjwa wa kawaida, wa kutibiwa kwa dawa za hospitali, bali mwenye degedege alipelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji. Iliaminiwa tena kwamba mtoto wa degedege akipigwa sindano hufa. Si vigumu kufahamu jinsi imani hiyo ilivyoweza kupata nguvu: mtoto aliyecheleweshwa hufika hospitali akiwa mahututi, akapigwa sindano, akafa, na walioshuhudia huikumbuka sindano, wasizikumbuke saa zilizopotea.

Haiwezi kusemwa kwamba hapo lugha haikueleweka. Nasaha ya kumpeleka hospitali mtoto mwenye malaria ilikuwa Kiswahili safi, na mama aliifahamu. Lakini mwanawe, kwa kadiri alivyojua yeye, hakuwa na malaria. Alikuwa na degedege. Basi nasaha ile ilimpita, kwa kuwa haikutaja ugonjwa uliokuwa nyumbani mwake.

Kwa hiyo mtunga kamusi anayefasiri degedege kwa jina la kitaalamu tu amefanya nusu ya kazi. Imebaki kueleza wasemaji wanadhani ugonjwa huo watoka wapi, na ni kwa nani waupeleka. Haja hiyo ni kubwa katika nchi ambayo madaktari wake husomea uganga kwa Kiingereza na kuwahoji wagonjwa kwa Kiswahili. Daktari asemaye lugha moja na mgonjwa bado ana wajibu wa kumwuliza: ‘Nyumbani mwauitaje ugonjwa huu, nanyi mmekwisha kuufanyia nini?’ Katika ugonjwa wa degedege, swali hilo likiulizwa mapema, kabla mtoto hajaugua, laweza kuokoa maisha.