Kupe wa mbwa

Kupe wa mbwa (jina la kisayansi: Rhipicephalus sanguineus) ni mdudu wa rangi ya kahawia anayeishi kwa kufyonza damu, hasa ya mbwa. Mfaransa Pierre André Latreille ndiye aliyemweleza kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1806. Kwa kufuatana na mbwa wanaofugwa, kupe huyu ameenea karibu katika nchi zote zenye joto. Wataalamu wa uainishaji sasa huwatenga kupe wa kanda za joto, wakiwemo wa Afrika, katika spishi ya peke yao iitwayo Rhipicephalus linnaei, lakini maisha yao na madhara yao ni yale yale.

Kupe wengi husubiri windo lao malishoni, kwenye ncha za majani. Huyu anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya ua wa nyumba: katika nyufa za banda, nyuma ya fremu za milango, chini ya magunia anayolalia mbwa. Wakati wowote kupe wanaoonekana mwilini mwa mbwa ni sehemu ndogo tu ya wale waliopo nyumbani. Ndiyo maana dawa inayopakwa kwa mbwa peke yake mara nyingi haimalizi tatizo.

Umbo

Kupe si mdudu wa jamii ya inzi au kiroboto. Yumo katika ngeli ya arakinida pamoja na buibui, nge na utitiri. Mkubwa ana miguu minane. Kabla ya kula ana urefu wa milimita 3 hivi na mwili wake ni bapa, ndiyo maana hupenya kwenye ufa mwembamba. Jike aliyeshiba hufikia milimita 11 au 12, hubadilika rangi kuwa kijivu na kufanana na mbegu ya mbarika. Dume hula kidogo, havimbi, na mara nyingi hukutwa karibu na jike.

Kwenye miguu ya mbele kupe ana kiungo maalumu cha kunusia, ambacho humjulisha joto na hewa ya ukaa inayotoka puani mwa mnyama. Akifika mwilini hutafuta mahali penye ngozi laini: ndani na nyuma ya masikio, shingoni, kwapani, katikati ya vidole, kwenye kinena na chini ya mkia. Mate yake hutia ganzi na kuzuia damu isigande. Mbwa anaweza kukaa na kupe kwa siku kadhaa bila kujikuna.

Mzunguko wa maisha

Kupe wa mbwa hupitia hatua nne: yai, lava mwenye miguu sita, tunutu mwenye miguu minane, na mkubwa. Lava, tunutu na mkubwa kila mmoja hula mara moja, hujiachia, kisha hujificha. Wawili wa kwanza hujivua ngozi mafichoni, halafu hupanda tena juu ya mnyama, ambaye kwa kawaida ni mbwa yule yule. Lava na tunutu hunyonya kwa siku chache. Jike mkubwa huweza kunyonya kwa wiki moja au mbili.

Jike aliyeshiba huanguka, na mara nyingi hupanda ukutani kutafuta ufa. Humo hutaga mayai hadi 4,000 hivi, kisha hufa. Penye joto, mzunguko wote huweza kukamilika kwa miezi miwili au mitatu. Kupe mkubwa asiyepata chakula huweza kuishi miezi mingi akisubiri. Nyumba iliyohamwa na wenye mbwa inaweza hivyo kumpokea mbwa mgeni kwa kupe wenye njaa.

Magonjwa ya mbwa

Kupe wengi kwa pamoja humpunguzia mbwa damu, hasa mtoto wa mbwa. Hatari kubwa zaidi ni vimelea wanavyoviacha.

Elikiosi husababishwa na bakteria Ehrlichia canis, iliyotambuliwa nchini Algeria mwaka 1935. Huharibu chembe nyeupe za damu na kupunguza zile zinazosaidia damu kuganda. Mbwa hupata homa, hunyong'onyea, hukataa chakula na kukonda. Baadhi hutokwa na damu puani au kuwa na madoa mekundu tumboni na kwenye fizi. Anaweza kuonekana amepona, kumbe ugonjwa umejificha na kurudi baada ya miezi au miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa huu uliua mamia ya mbwa wa jeshi la Marekani katika Vita vya Vietnam. Australia, ambayo kwa muda mrefu haikuwa nao, iliugundua kwa mbwa wake mwaka 2020.

Babesiosi hutokana na vimelea vinavyopasua chembe nyekundu za damu. Dalili zake ni homa, fizi nyeupe au za manjano, kuhema kwa shida na mkojo wa rangi ya kahawia au nyekundu. Kupe wa mbwa hueneza Babesia vogeli, ambayo kwa kawaida si kali. Babesia rossi, inayoweza kuua mbwa kwa siku chache, huenezwa na kupe wa jenasi Haemaphysalis, na bweha huibeba bila kuugua. Mwaka 1901 Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu katika Koloni la Rasi, Afrika Kusini, alithibitisha kwamba kupe ndio waenezao maradhi haya ya mbwa.

Hepatozoon canis huingia kwa njia tofauti: mbwa huambukizwa anapomeza kupe, kwa mfano akijiramba au kujitafuna manyoya.

Mbwa mwenye dalili hizi apelekwe mapema kwa daktari wa mifugo ili damu ipimwe. Elikiosi hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida siku 28 mfululizo. Babesiosi ina dawa zake za sindano. Kukatisha dozi mbwa anapoanza kula ni kosa, kwa kuwa vimelea huwa bado vimo.

Kinga mwilini mwa mbwa

Kuna dawa za kudondoshea mgongoni, kola, za kuogeshea na vidonge. Vidonge vya kundi la isoksazolini, vilivyoanza kutumika katika muongo wa 2010, huua kupe anayenyonya na hudumu mwezi mmoja hadi miezi mitatu kutegemea aina; mbwa mwenye kifafa asipewe bila ushauri wa daktari. Pairethroidi ni dawa za kiwandani zilizoundwa kwa kufuata sumu ya ua la pareto, zao la nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Nyingi hufaa kwa mbwa, lakini pemethrini huweza kumuua paka, hata paka anayelala na mbwa aliyetoka kupakwa. Pia kuna mahali ambapo kupe wa mbwa wamekuwa sugu kwa dawa za kundi hili.

Dawa ya josho la ng'ombe isitumiwe kwa mbwa kwa kukisia kipimo, kwani humeza dawa anapojiramba. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari huunguza ngozi na kudhuru ini na figo. Aivamektini si kinga ya kutegemewa dhidi ya kupe, na kwa mbwa wa jamii ya Collie inaweza kuwa sumu kali.

Kinga nyumbani

Magunia na matambara anayolalia mbwa yafuliwe kwa maji ya moto au yachomwe. Nyufa za ukuta zizibwe kwa udongo, saruji au lipu, na banda linyunyiziwe dawa ya kupe iliyoruhusiwa kwa majengo, kuanzia sakafuni hadi kwenye dari. Mbwa asirudishwe kabla dawa haijakauka. Kwa kuwa mayai na kupe waliofichika sana hunusurika, kazi hii hurudiwa baada ya wiki mbili au tatu, na mbwa wote wa boma hutibiwa siku moja. Anayetibu mmoja na kuwaacha wengine huwaachia kupe chakula.

Kumtoa kupe

Kupe hukamatwa kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, kisha huvutwa taratibu kwa nguvu ileile bila kumsokota wala kumminya. Asichomwe kwa njiti ya kiberiti wala kupakwa mafuta, kwa sababu bughudha hiyo huweza kumfanya atapike mate yenye vimelea ndani ya jeraha. Kipande cha mdomo kikibaki hakihitaji kuchimbuliwa. Ngozi hukisukuma nje yenyewe. Jeraha husafishwa kwa spiriti au sabuni, na kupe hutumbukizwa kwenye spiriti. Kumpasua kwa kucha ni hatari, kwani damu yake inaweza kuingia kwenye mchubuko wa kidole.

Mbwa akaguliwe kila siku, kwa kuwa kupe akitolewa mapema hupunguza nafasi ya vimelea vingi kupita. Kinga hii haikamiliki kwa elikiosi, ambayo inaweza kuambukizwa ndani ya saa chache tu.

Madhara kwa binadamu

Kupe huyu humng'ata binadamu mara chache, zaidi wakati wa joto kali. Anaweza kueneza Rickettsia conorii, bakteria ya homa ya madoa inayojulikana pia kwa jina la taifasi ya kupe ya Kenya. Baada ya takriban wiki moja mgonjwa hupata homa, maumivu ya kichwa na vipele; pale alipong'atwa huweza kutokea kidonda chenye kigaga cheusi. Katika jimbo la Arizona, Marekani, na kaskazini mwa Mexico, kupe huyu hueneza bakteria Rickettsia rickettsii, ambayo huweza kuua. Ugonjwa wa Lyme huenezwa na kupe wa jenasi Ixodes, si huyu.

Dalili za mwanzo za homa ya madoa hufanana na za malaria. Mtu mwenye homa ambaye kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, na anayeishi na mbwa au ameng'atwa na kupe, amweleze mganga jambo hilo bila kusubiri kuulizwa. Dawa ya homa hii ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzishwa mapema.