Pendekezo la utafiti

Ni andiko ambalo mwanachuo huliwasilisha kwa wasimamizi wake kabla ya kuianza kazi, akibainisha suala atakalolichunguza, waliomtangulia kulieleza, njia atakayoifuata, muda na gharama. Na nchini Kenya, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013, hulipeleka pia NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ili apewe leseni ya utafiti. Anayekusudia kuitafiti Malili, Makueni, ambako serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi mwaka 2009 kwa ajili ya mji wa teknolojia wa Konza, asiridhike na “athari za maendeleo”, maneno mapana yasiyopimika, bali aulize mathalani ng'ombe wa majirani hunyweshwa wapi wakati wa kiangazi, na aeleze atawahoji nani, wangapi, kwa Kikamba au Kiswahili.