Karati: neno moja, mizani mbili kati ya Mwadui na Geita

Wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, mtu akitaja karati anazungumzia uzito wa almasi. Ukielekea magharibi, ukaipita Kahama na kuingia Geita, neno hilohilo linapima usafi wa dhahabu. Ukanda wa madini ni mmoja, na wachimbaji wadogo huuzunguka wote: sifa ya machimbo mapya ikivuma, watu hufunga mizigo. Anayehama kutoka kwenye almasi kwenda kwenye dhahabu asijue kwamba neno limebadilika maana njiani, anaweza kupunjwa mezani kwa mnunuzi mali aliyoitoa shimoni kwa jasho la miezi.

Neno hili tumelipokea kutoka Kiingereza. Waingereza huandika maana zote mbili kwa tahajia moja. Wamarekani wamezitenganisha: uzito wa vito wanauandika kwa herufi C, usafi wa dhahabu kwa herufi K. Kiswahili kimefuata njia ya Waingereza, na karati kwetu ni karati, iwe ya kito au ya pete. Lakini historia ya neno ni ndefu kuliko Kiingereza chenyewe, na sehemu yake kubwa imepita katika masoko na lugha ambazo watu wa pwani yetu walizifahamu kabla ya Mwingereza yeyote kufika Usukuma.

Mbegu, sarafu na fungu

Kandokando ya Bahari ya Mediterania huota mti ambao Waarabu huuita kharubu. Ganda lake hupinda kidogo, na Wagiriki wa kale waliliita keration, yaani pembe ndogo. Ndani yake mna mbegu ngumu. Wafanyabiashara walizitumia kama mawe ya mizani kwa vitu vidogo vyenye thamani kubwa, wakiamini kwamba zote zina uzito sawa. Imani hiyo haikuwa sahihi. Mwaka 2006 watafiti wa Zurich walichapisha matokeo ya kuzipima, wakaonyesha kwamba hutofautiana uzito kama mbegu za miti mingine. Kilichosaidia ni jicho la binadamu, kwa kuwa mtu makini anaweza kuchagua mbegu zinazokaribiana sana. Mafundi dhahabu wa India nao walikuwa na mbegu yao ya kupimia, ile nyekundu yenye doa jeusi.

Mwanzoni mwa karne ya 4, Mfalme Konstantino wa Roma alitoa sarafu mpya ya dhahabu iitwayo solidus. Ratili moja ya Kirumi ilitoa sarafu 72, kila moja ikiwa na gramu 4.5 hivi, na uzito wa sarafu moja ulihesabiwa kuwa sawa na mbegu 24. Hapo ndipo penye asili ya namba 24 ambayo sonara anaitaja hadi leo. Sarafu iliyokuwa dhahabu tupu ilikuwa na sehemu zote 24. Iliyochanganywa na shaba au fedha ilikuwa na dhahabu pungufu, labda sehemu 20, labda 18. Mbegu iliyokuwa jiwe la mizani ikawa pia kipimo cha uaminifu wa mfua sarafu.

Waarabu walilichukua neno kama qirati na kulipanua zaidi. Dinari iligawanywa qirati 20 katika miji mingine na 24 katika mingine. Polepole qirati ikawa jina la sehemu moja ya 24 ya kitu kinachogawanywa. Nchini Misri, hadi leo, feddani moja ya shamba ina qirati 24, kila moja ikiwa na mita za mraba 175. Waislamu wa Afrika Mashariki wanalikuta neno hili katika hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na Abu Huraira: anayemsalia maiti ana qirati moja ya thawabu, anayebaki hadi mazishi ana mbili, na qirati hizo zinafananishwa na milima miwili mikubwa.

Pwani yetu ilikuwa ndani ya ulimwengu huo wa vipimo. Dhahabu ya Sofala ilipita Kilwa, na katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa alitoa sarafu za dhahabu zenye jina lake. Kwa hiyo Kiingereza kilipolichukua neno kupitia lugha za Ulaya, kilirithi matawi mawili yaliyokwisha kukua: karati kama uzito wa mbegu, na karati kama fungu moja katika 24.

Karati ya Mwadui

Tawi la uzito lilikuwa na kasoro. Kila mji ulikuwa na karati yake. Ya London ilizidi miligramu 205, na nyingine zilikuwa nyepesi zaidi. Mwaka 1905 ilipopatikana huko Transvaal, Afrika Kusini, almasi kubwa ya Cullinan, iliandikwa kuwa na karati 3,025 na robo tatu. Leo vitabu vinaiandikia karati 3,106.75. Jiwe halikuongezeka. Kilichobadilika ni karati, kwani mwaka 1907 Mkutano Mkuu wa nne wa Vipimo na Mizani uliamua kwamba karati moja ya vito iwe miligramu 200 kamili. Marekani iliikubali mwaka 1913 na Uingereza mwaka 1914. Tangu hapo hesabu ni nyepesi: karati tano ni gramu moja, na karati moja ina pointi 100.

Mwaka huohuo wa 1907 alizaliwa Quebec, Kanada, John Thoburn Williamson. Akiwa mjiolojia alifika Tanganyika, na mwaka 1940 akagundua Mwadui, ambayo sasa imo wilayani Kishapu, bomba la mwamba wa kimbalaiti lenye eneo la hekta 146 juu ya ardhi. Ni miongoni mwa mabomba makubwa kabisa ya almasi yaliyowahi kuchimbwa duniani. Kampuni yake, Williamson Diamonds, iliandikishwa mwaka 1942. Alipofariki mwaka 1958, warithi wake waliuza mgodi kwa kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu.

Jiwe maarufu zaidi la Mwadui lilitoka ardhini Oktoba 1947. Lilikuwa la rangi ya waridi, lenye karati 54.5, na Williamson akalitoa kuwa zawadi ya ndoa ya Binti Mfalme Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia Elizabeth wa Pili. Lilikatwa London, likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 masonara wa Cartier wakaliweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Hapa pana funzo la kwanza kwa muuzaji: karati za jiwe ghafi haziwi karati za pete. Jiwe hilo lilikuwa na gramu 10.9 lilipotoka Mwadui, na likapoteza zaidi ya nusu ya uzito huo mikononi mwa wakataji.

Funzo la pili ni kwamba uzito peke yake hautaji bei. Rangi, uangavu wa ndani na umbo vina sauti kubwa. Miaka ya karibuni mgodi wa Mwadui ulitoa almasi nyingine ya waridi, ya karati 32.32, iliyouzwa ikiwa ghafi kwa dola milioni 13.8. Ilikatwa ikawa karati 11.15, ikaitwa Williamson Pink Star, na Oktoba 2022 ikauzwa katika mnada wa Sotheby's huko Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Karati zilipungua kwa theluthi mbili, bei ikapanda zaidi ya mara nne.

Taifa zima lilipata somo hilo mwaka 2017. Serikali ilizuia katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere mzigo wa almasi za Mwadui wenye karati 71,654, ambazo ni kilo 14 na ushei. Serikali ilidai kuwa thamani imeandikwa chini ya ile halisi, na kampuni ya mgodi ikakana. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya thamani. Mizani inaweza kusema kweli tupu kuhusu karati na bado pande mbili zikatofautiana kwa mamilioni ya dola.

Karati ya Geita

Upande wa dhahabu, swali ni jingine. Hapa karati haijali pete ina uzito gani. Ni kama maziwa sokoni: debe ni kipimo kimoja, na kujua yametiwa maji kiasi gani ni kipimo kingine. Dhahabu ya karati 24 ni tupu. Ya karati 22 ina asilimia 91.6 ya dhahabu, ya 18 ina asilimia 75, ya 14 ina asilimia 58 na kidogo, na ya 9 ina asilimia 37.5. Ndiyo maana ndani ya pete utakuta namba 916, 750, 585 au 375. Ni karati zilezile, zimeandikwa kwa sehemu za elfu.

Mchimbaji mdogo wa Geita hauzi pete. Anauza dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki na kuchomwa, na mara nyingi bado ina fedha na uchafu mwingine ndani yake. Gramu kumi zake zikiwa na usafi wa karati 18, dhahabu halisi ni gramu saba na nusu. Bei ya dunia nayo hutajwa kwa wakia, ambayo ni gramu 31.1. Kwa hiyo muuzaji mmoja anakutana na vipimo vitatu kwa wakati mmoja: gramu za mizani, karati au asilimia ya usafi, na wakia ya bei. Ukosefu wa elimu katika kimojawapo unatosha kumpunja.

Mezani kwa mnunuzi

Kwa miaka mingi meza hiyo ilikuwa gizani. Mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyejua bei, na ndiye aliyetaja usafi kwa kuangalia rangi tu. Mwaka 2019 sheria ya madini ilirekebishwa ili kuanzisha masoko ya madini, na soko la Geita lilifunguliwa Machi mwaka huo na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa. Sokoni kuna mashine inayosoma usafi wa dhahabu, mizani iliyokaguliwa, na ofisa wa serikali anayekokotoa mrabaha. Hiyo ni hatua kubwa na inastahili kulindwa.

Lakini mashine hutoa namba, na namba inahitaji msomaji. Muuzaji wa almasi wa Maganzo, jirani na Mwadui, anapaswa kuuliza kwanza karati ngapi, kisha rangi na uangavu wa jiwe lake, kwa sababu hapo ndipo bei inapojificha. Muuzaji wa dhahabu wa Katoro, mkoani Geita, anapaswa kuuliza gramu ngapi, kisha usafi wa karati ngapi, kisha bei ya wakia ya siku hiyo. Asiyeyajua maswali hayo hutegemea huruma ya mnunuzi, na biashara ya madini haijawahi kuendeshwa kwa huruma.

Ukanda huu umetoa almasi na dhahabu tangu enzi za ukoloni. Haifai mtoto aliyekulia kando ya mashimo hayo amalize shule akijua urefu wa mto Nile bila kujua karati. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: sehemu ya 24, asilimia, na kugawanya kwa tano. Walimu wa Kishapu na Geita wanaweza kuifundisha kwa mifano iliyo mlangoni kwao, na vyama vya wachimbaji wadogo vinaweza kuifundisha kwa watu wazima kabla ya kuwapeleka sokoni. Mwenye kuigeuza karati ya jiwe kuwa gramu, na karati ya dhahabu kuwa asilimia, atakaa meza moja na mnunuzi wa kutoka popote duniani na kubishania bei akijua anachokisema.