Kichwa cha Kijani, Kichwa cha Bluu

Mwaka jana, mwezi wa tano, ukumbi wetu wa vijana hapa Nakivale ulikaa siku tisa bila intaneti ya maana. Kosa lilikuwa langu. Naandika ili mwingine asilirudie, na pia kwa sababu nilipotafuta nimekosea wapi, nilikuta nyuma ya kiplastiki kidogo kuna historia ya karibu miaka 50 ambayo sekondari hatukufundishwa.

Intaneti yetu inatoka kwenye antena iliyo juu ya kilima, kama mita 300 kutoka ukumbini. Waya wa shaba wa mtandao haufiki huko, mwisho wake ni mita 100, halafu radi za hapa hazina huruma. Kwa hiyo waliotufungia mitambo walipitisha fiba, yaani uzi wa kioo unaobeba mwanga badala ya umeme. Kutoka kisanduku cha ukutani hadi kwenye mashine kuna waya mfupi wa njano. Panya wakautafuna.

Nikapewa pesa, nikapanda taksi hadi Mbarara, nikazunguka maduka ya upande wa High Street mpaka nikapata waya wa njano wenye vichwa viwili: upande mmoja kikubwa cha mraba, upande wa pili kidogo. Sawa na ule wetu, nikawaza. Tofauti ni moja tu: kichwa kikubwa cha ule wetu kilikuwa kijani, hiki kilikuwa bluu. Nani anaangalia rangi? Nikakifuta kwa fulana yangu ili kiwe safi, nikachomeka. Kikaingia vizuri, kikalia “tik”.

Taa ya mashine ikawaka, ikazima, ikawaka. Siku tisa. Katika siku hizo, dada mmoja wa kundi letu alikuwa anajaza fomu ya ufadhili wa chuo. Usiku wa mwisho alikaa mbele ya kompyuta mpaka saa sita. Fomu haikuenda. Akaniambia tu, “Yaya, si ulisema umeleta mpya?” Sisi watu wa Kivu tunamwita yaya mtu tunayemheshimu kama mkubwa wetu wa nyumbani. Siku ile neno hilo lilinichoma.

Nikarudi Mbarara na waya wangu mkononi. Fundi mmoja aliuangalia akacheka. “Mdogo wangu, kijani na bluu havioani.” Akanikalisha, akanieleza. Mengine nimeyasoma baadaye.

Mwaka 1966 Charles Kao, akiwa Uingereza na mwenzake George Hockham, alieleza kwamba mwanga unaweza kusafiri mbali ndani ya kioo kama kioo kitasafishwa uchafu wake. Kao alizaliwa Shanghai. Familia yake ilihama mwaka 1948, wakati wa vita vya China, ikaishia Hong Kong. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ya Marekani ikatengeneza kioo cha namna hiyo, na mwaka 1977 simu za watu zilikuwa zinapita kwenye fiba chini ya barabara za Chicago.

Lakini kioo kikishapatikana, kuna swali lingine: ncha mbili zitakutana vipi? Katika fiba ya masafa marefu, njia ya mwanga ina upana wa mikroni 9 hivi. Unywele wa mtu unaizidi mara kadhaa. Ncha moja ikihama kidogo tu, au vumbi likikaa katikati, mwanga unamwagika. Unaweza kuziunga ncha kwa kuziyeyusha pamoja, na barabarani ndivyo wanavyofanya. Ila hapo huwezi kuchomoa tena. Kwenye mashine unahitaji kichwa cha kuchomeka na kuchomoa, na kila safari kirudi pale pale.

Maabara ya Bell, Marekani, walianza na kichwa chenye umbo la pia, kinachojiweka katikati chenyewe. Karibu na mwaka 1980 kampuni ya simu ya Japani, NTT, ikaleta FC: uzi unakaa ndani ya kijiti cha kauri chenye unene wa milimita 2.5, na kichwa kinakazwa kama nati. Kinashika vizuri hata penye mtikisiko, ila kukaza kimoja kimoja kunachosha. Miaka ya 1980 AT&T wakatoa ST, unasukuma na kuzungusha kama globu ya pini tunayoweka darini. Muongo huo huo NTT wakaja na SC, kile cha mraba: unasukuma, kinakamata, unavuta, kinatoka. Miaka ya 1990 kampuni ya Lucent ikapunguza kijiti kuwa milimita 1.25, ikatoa LC, yenye kilimi cha kubonyeza kama kwenye waya wa mtandao. Palipokaa vichwa kumi vya SC, sasa vinaenea kama ishirini vya LC. Ndiyo maana ukutani kwetu kuna SC na kwenye mashine kuna LC.

Na rangi? Ncha ya kichwa cha bluu imesuguliwa ikawa na mviringo kidogo, ili vioo viwili vigusane uso kwa uso. Ya kijani imekatwa kwa mshazari wa digrii 8, ili mwanga unaogonga na kurudi upotelee pembeni, usirudi kusumbua taa ya mashine. Plastiki ya nje ni moja, kwa hiyo bluu inaingia kwenye kijani bila kulalamika. Ndani, vioo havigusani sawasawa: mwanga mwingi unapotea, na ncha zinaweza kuchunika. Juu ya hayo, mimi nilikuwa nimeongeza nyuzi za fulana yangu.

Fundi aliniambia jambo moja zaidi. Mpaka mwaka 2009, Uganda ilitegemea zaidi setilaiti kufikia intaneti ya nje. Mwaka huo nyaya za baharini SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Serikali nayo ilikuwa imeanza mkongo wake mwaka 2007, ambao baadaye ulipita Masaka na Mbarara mpaka Kabale na mpaka wa Katuna. Katika kila kituo cha njia hiyo kuna vichwa kama hivi, na kuna mtu anayejua kuvisafisha. Mwanga unatoka Mombasa hadi Mbarara salama. Kwetu ulikwama mita moja kutoka kwenye kompyuta, kwa sababu mtu wa mwisho hakujua.

Nilinunua waya wenye kichwa cha kijani. Ukumbi ukarudi hewani jioni ile ile. Yule dada anasubiri nafasi ya mwaka huu. Nimeshamwomba msamaha, yeye akasema ni mambo ya Mungu. Mimi najua ni mambo ya fulana.

Kwa hiyo, vijana wenzangu: usifute ncha kwa nguo wala kwa kidole, tumia pombe safi ya dawa na kitambaa kisichoacha nyuzi. Usichungulie ndani, ule mwanga hauonekani lakini unaumiza jicho. Kifuniko kidogo cha plastiki usikitupe. Na ninyi ndugu wa mashirika mnaotuletea mitambo, asanteni. Mkimaliza kufunga, tuachieni waya mmoja wa akiba, na muandike ukutani: SC kijani, LC bluu. Sisi tumeshaandika kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kisomali. Karatasi ilikuwa moja, kalamu moja.